Kujua ni Kimoja, Kufundisha ni Kingine

"Dada, mimi narudi nyumbani."

Mdogo wangu alinipigia saa tano usiku, ndiyo kwanza nimetoka zamu. Yupo mwaka wa kwanza wa uhandisi hapa hapa Uingereza, na ada yake mama ameikopea kwenye kikoba. "Profesa anaeleza, wenzangu wanaandika, mimi naambulia patupu. Kichwa changu hakifai."

Nikamuuliza: hao wenzako umewauliza kama wanaelewa? Kimya.

Ndugu wasomaji, nilimsimulia habari za Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard. Alianza kufundisha huko mwaka 1984, wanafunzi wakimsifu na hesabu ngumu wakizipata. Miaka michache baadaye akawapa maswali yasiyo na hesabu: lori likigongana na gari dogo, lipi linalisukuma jingine kwa nguvu zaidi? Wengi wakakosa. Jibu ni kwamba nguvu ni sawasawa. Kanuni walikuwa wameikariri, hawajaielewa.

Akaeleza, wasielewe; akarudia, wasielewe. Mwishowe akawaambia waelezane wenyewe kwa wenyewe. Dakika chache tu, wakaelewa. Mwanafunzi aliyeelewa leo bado anakumbuka alipokwama. Profesa alipita hapo miaka mingi, ameshasahau kama pana shimo.

Vyuo vingi humwajiri profesa wa sayansi kwa utafiti wake. Kufundisha hujifunzia kazini. Na tofauti huonekana. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichambua tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Palipokuwa na mhadhara tu, walifeli kama 34 katika kila 100. Waliposhirikishwa darasani, kama 22.

Sisi wauguzi hili tunalijua wodini. Mgonjwa ukimuuliza "umeelewa?" atakujibu ndiyo, hata kama hajaelewa. Kwa hiyo tunamwambia: nionyeshe utakavyojidunga insulini ukifika nyumbani. Hapo kosa hujitokeza mapema, likiwa bado linarekebishika.

Basi wewe mwanafunzi, tafuta wenzako wawili. Kila wiki mmoja awaeleze wengine somo bila kuangalia daftari. Mkikwama, nendeni kwa profesa saa zake za kuonana na wanafunzi, na mmwonyeshe ule mstari hasa mlipokwamia. Ukimwambia "sijaelewa" tu, atarudia yale yale. Nanyi wazazi, kabla ya kumwita mtoto mvivu, mwambieni awaeleze alichosoma wiki hii.

Jumapili mdogo wangu alinipigia tena. Wenzake wawili aliowauliza nao walikuwa hawaelewi, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Mtihani ni Januari. Bado anaogopa, lakini tiketi hajakata.