Chini ya taka kuna nini?

Eastlands kila mtu analalamikia moshi wa Dandora. Ni haki yetu. Lakini nani anauliza kuhusu sakafu? Jaa lile lilianza miaka ya 1970 kwenye machimbo ya mawe, bila kutandikwa chochote chini. Mvua ikinyesha, maji yanapita kwenye betri na rangi, kisha yanazama ardhini ama yanateremka hadi Mto Nairobi, ulio hapo kando tu. Mwaka 2007 UNEP ilisema nusu ya watoto 328 waliopimwa hapo walikuwa na risasi kupita kiasi kwenye damu.

Jaa la kisasa hushindiliwa udongo wa mfinyanzi. Marekani hutaka unene wa sentimita 60, na juu yake plastiki. Maji yakipenya, yawe kama sentimita 3 kwa mwaka. Lakini udongo ukishindiliwa mkavu, huvuja. Ukiachwa juani, hupasuka. Udongo mweusi wa huku kwetu tunaujua: kiangazi kikikolea, mguu unaingia kwenye ufa.

Kwa hivyo, wasee, tukiahidiwa jaa jipya tusikimbilie kupiga makofi. Tuulize: sakafu imepimwa? Majibu yako wapi? La sivyo tutakuwa tumehamishia sumu kwa jirani.