Tone Moja la Damu



Hapa Babati mtu akipinda mdomo ghafula, mkono ukalegea, usemi ukapotea, wengine husema amerogwa. La, ndugu, hicho ni kiharusi. Miaka ya 2003 hadi 2006 madaktari walikihesabu wilayani Hai na Dar es Salaam, wakakikuta shambani na mjini pia.

Mpelekeni hospitali upesi, Mrara au Dareda. Watamchoma kidole, wapime sukari ya damu. Ikiwa juu sana, daktari ajua hatari ya kifo au kilema imezidi. Ikiwa chini mno, pengine si kiharusi, ila upungufu wa sukari, nao hutibika. Msimnyweshe chai nyumbani: koo likilegea atapaliwa.

Rozari isalini, lakini mkiwa njiani.