Si mkono wa mtu

Kuna habari niliyoiandika nikiwa bado mgeni kwenye fani, na mpaka leo nikiikumbuka naona aibu. Mtoto alizaliwa na jicho moja katikati ya uso, akaishi saa chache tu. Nikaandika "maajabu". Nikamnukuu jirani aliyesema huo ni mkono wa mtu. Gazeti lilitoka vizuri siku hiyo! Daktari sikumtafuta, mama wa mtoto sikumuuliza kitu.

Ngoja basi niwape habari niliyopaswa kuandika.

Miaka ya 1950 huko Idaho, Marekani, wafugaji walikuwa wakipata wanakondoo wenye jicho moja. Watafiti waliohamia malishoni kuishi na kondoo hao wakagundua kisa: majike yalikuwa yakila mmea wa porini uitwao Veratrum californicum. Tena si siku yoyote. Aliyeula siku ya 14 ya mimba ndiye aliyezaa wa jicho moja.

Kwa nini siku hiyo? Hapo ndipo penye utamu. Sote tulianza na eneo moja tu la macho. Seli zilizo chini yake hutoa protini fulani kama ujumbe, na seli za katikati zikiupokea zinaacha kuwa jicho. Eneo linagawanyika, macho yanakuwa mawili. Ujumbe usipopokelewa, linabaki moja. Protini yenyewe inaitwa Sonic hedgehog (ndiyo, yule kalunguyeye wa michezo ya Sega, wanasayansi nao wana utani wao). Mwaka 1996 panya walioondolewa jeni yake walipata hitilafu ileile. Mwaka 1998 ikaonekana kwamba sumu ya mmea ule, saiklopamini, huzifanya seli zisiusikie ujumbe huo.

Kwa binadamu haya hutokea wiki ya tatu na ya nne tangu mimba itungwe, wakati wanawake wengi hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Mara nyingi chanzo ni hitilafu ya kromosomu au jeni. Kisukari cha mama nacho huongeza hatari, na hicho kinaweza kudhibitiwa. Hakuna shangazi wala bibi kizee mwenye macho mekundu anayehusika.

Najua wahariri watasema msomaji hataki seli, anataka maajabu. Jamani, kondoo wa Idaho si maajabu hayo? Yule mama alirudi kuishi mtaa uleule, na majirani walewale waliosoma nilichoandika.