Jazz, Gitaa na Somo la Fizikia

Yapo maoni yaliyoenea kwamba jazz ni muziki wa wasomi wachache, na kwamba upatanifu wake wa sauti hauwezi kueleweka na mwanafunzi wa kawaida. Maoni hayo hayana msingi. Jambo lenyewe ni la mitetemo, na mitetemo ni sehemu ya somo la fizikia katika shule za sekondari.

Gitaa moja latosha kwa jaribio. Uzi wa tano, ukiachwa wazi, hutetema mara 110 kwa sekunde. Ukibanwa katikati ya urefu wake hutetema mara 220. Sauti za mitetemo 220, 277 na 330 zikipigwa pamoja, sikio huzipokea kama kitu kimoja kilichotulia, kwa kuwa uwiano wake unakaribia 4:5:6. Ikiongezwa sauti ya mitetemo 392, utulivu huvunjika, na sikio hungoja fungu jingine la sauti liurudishe. Wapigaji jazz wa Marekani huongeza sauti za namna hiyo juu ya nyingine, na kuuchelewesha utulivu kwa makusudi.

Mwanafunzi wa Mabibo hana haja ya kuanzia New Orleans. Dar es Salaam Jazz iliundwa mwaka 1932, na NUTA Jazz mwaka 1964. Jina lilitoka Marekani, lakini mtindo ulifuata zaidi rumba ya Cuba, na mara nyingi wimbo mzima ulitumia mafungu matatu tu ya sauti. Wanaoudharau muziki huo kwa uchache huo wanakosea. Ufundi wake umo katika kugawana kazi: solo, rithim na besi kila moja hutoa kipande chake cha fungu, na sikio huviunganisha. Katika rekodi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, mwanafunzi aweza kulifuata gitaa moja, kisha la pili, kisha yote kwa pamoja. Sikio lililozoea zoezi hilo haliiogopi tena jazz ya Marekani.

Huenda ikadaiwa kwamba mitihani haiachi nafasi ya mambo hayo. Lakini kipindi kimoja chatosha, na hesabu yake ni ileile ya kitabuni. Mwanafunzi anayekariri kanuni ya mitetemo bila kuisikia amepata nusu ya somo. Walimu wa fizikia hawana budi kulifungulia gitaa mlango wa maabara.