Vifurushi vya zamani: havifutwi, vinabanwa

Wateja wa simu za mkononi nchini Marekani wanaendelea kuulizana swali lile lile: je, makampuni yatafuta vifurushi vya zamani vya data isiyo na kikomo? Safu hii inaona kwamba wanaoulizana hivyo wanatazama mlango usio wenyewe. Mwenye nyumba anayetaka mpangaji wa zamani aondoke si lazima ampe notisi. Anapandisha kodi, na bomba likiharibika halitengenezi.

Tazama yaliyotokea. Juni 2010 AT&T iliacha kuwauzia wateja wapya kifurushi chake cha data bila kikomo cha dola 30 kwa mwezi, na badala yake ikaleta cha dola 25 chenye gigabaiti mbili tu. Verizon ikafuata Julai 2011. Waliokuwa nacho tayari waliachiwa, nao wakafurahi. Kibiashara haikuwa hisani, kwani kuwanyang'anya siku ile kungewapeleka moja kwa moja kwa mshindani.

Kubana kulianza na kasi. Kuanzia mwaka 2011 AT&T ilipunguza kasi ya wateja hao kila walipovuka kiwango fulani cha matumizi katika mwezi, huku kifurushi kikiendelea kuitwa "bila kikomo". Tume ya Biashara ya Shirikisho (FTC) ilishitaki Oktoba 2014, ikidai kwamba wateja wasiopungua milioni 3.5 walikuwa wamebanwa kwa namna hiyo. Kesi ilimalizika kwa mapatano mwaka 2019, kampuni ikakubali kutoa dola milioni 60. Gawanya kwa idadi ya wateja hao, msomaji, uone kama ni adhabu ya kuogopesha.

Verizon ilipitia kwenye simu zenyewe. Tangu mwaka 2012, aliyetaka simu mpya kwa bei ya punguzo alitakiwa kuachana na kifurushi chake cha zamani. Aliyeng'ang'ania alilipia simu bei kamili. Kisha Novemba 2015 bei ya kifurushi hicho ikapandishwa kwa dola 20, kutoka 29.99 hadi 49.99. Mwaka 2016 waliotumia zaidi ya gigabaiti 100 kwa mwezi waliambiwa wahamie kifurushi kingine au wakatiwe. Hiyo ndiyo mara chache kampuni kubwa ilipotumia shoka waziwazi, tena kwa wateja wachache.

Jambo la kushangaza ni kwamba Februari 2017 Verizon na AT&T zote zilirudi kuuza data isiyo na kikomo kwa kila mtu. Hawakuwa wameona huruma. T-Mobile na Sprint zilikuwa zinawachukulia wateja. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye kiini cha suala hili: kinachomlinda mwenye kifurushi cha zamani ni mshindani aliye ng'ambo ya barabara, wala si maneno ya mkataba.

Na mshindani mmoja hayupo tena. Sprint iliunganishwa na T-Mobile Aprili 2020, makampuni makubwa yakabaki matatu. Mwaka 2023 T-Mobile ilikusudia kuwahamisha baadhi ya wateja wa vifurushi vya zamani, ikaacha baada ya kelele nyingi. Mwaka uliofuata ikapandisha bei za vifurushi vingi vya zamani, hata kwa watu walioamini ahadi yake ya mwaka 2017 kwamba bei yao haitaguswa. Maandishi madogo ya ahadi hiyo yalisema tu kwamba, bei ikipanda na mteja akaamua kuondoka, kampuni itamlipia bili ya mwezi wa mwisho. AT&T nayo ilipandisha bei za vifurushi vyake vya zamani mwaka huo huo wa 2024.

Kwa hiyo tusitazamie tangazo la kufuta. Zitakuja dola tano hapa na kumi pale, na simu mpya ya "bure" kwa wanaohama tu. Mwenye laini moja anayetumia gigabaiti chache kwa mwezi huenda tayari anapata hasara kwa kung'ang'ania. Familia yenye laini nne au tano ndiyo yenye sababu ya kukaa, lakini isikae kwa mazoea. Achukue bili ya mwezi huu aiweke kando ya bei za makampuni mengine mawili, kisha arudie hesabu hiyo kila bei itakapoguswa.