Taya Likisogezwa, Uso Nao Hugeuka



Somo la zaka ya mazao tuliloliahidi litangoja mwezi ujao, kwani ipo khabari ambayo twaona haya kuendelea kuinyamazia.

Miaka mitano iliyopita mama mmoja wa mtaani kwetu alitujia chuoni baada ya alasiri, na bintiye wa miaka 17 amekaa nyuma yake, mtandio ameuvuta hadi puani. Akasema, "Maalim, daktari asema mataya ya mwanangu yakatwe na kusogezwa, ndipo meno yakutane. Lakini uso wake utageuka. Je, dini yaturuhusu?" Sisi hatukuuliza hata neno moja. Tulimjibu papo hapo kwamba hilo ni kubadilisha umbile la Mwenyezi Mungu, basi na avumilie. Mama akaitika, "Ewallah, Maalim," wakaenda zao.

Jawabu lile lilikuwa kosa, na kabla ya kuendelea twawataka radhi wawili hao hapa mbele ya wasomaji, kama tulivyokwisha kuwataka radhi nyumbani kwao.

Kilichotuzindua ni herufi ya fa. Walioisoma tajwidi wajua kwamba herufi hiyo hutoka pale ncha za meno ya mbele ya juu zinapogusa tumbo la mdomo wa chini. Binti huyu tulimsomesha tangu ana miaka saba, na alisoma vizuri. Alipokaribia kubaleghe, fa yake ikaharibika. Kila alipofika Suratul Falaq tulimrudisha, tukamkaripia, na mara nyingine wenzake wakacheka nasi tusiwakataze. Tulidhani ni uvivu. Basi siku moja, miaka mitatu iliyopita, tulikuwa tukiwaonyesha watoto wadogo makhraji kwa kioo cha mkononi, na mtoto mmoja mtundu akalisukuma taya lake la chini mbele akasema fa. Sauti ilikuwa ile ile. Msomaji, jaribu mwenyewe: yatangulize meno ya chini mbele ya yale ya juu, kisha useme fa. Meno ya juu hayaufikii mdomo. Kumbe kwa miaka mingi tulimdai mtoto wa watu herufi ambayo mifupa yake haikuweza kuilipa!

Jioni ile ile tukaenda kwao. Tuliletewa chai na maandazi, nasi tukaona jambo ambalo tungaliuliza tangu siku ya kwanza: binti, pale alipokaa pembeni na mama yake, alilimega andazi kwa vidole vipande vidogo vidogo akavipeleka nyuma kwenye magego, kwa kuwa meno yake ya mbele hayakuweza kuuma kitu. Alituambia hajaliuma embe tangu alipokuwa darasa la saba.

Turudi kwenye hukumu. Ni kweli kwamba katika Suratun Nisaa, aya ya 119, tumetahadharishwa na ahadi ya Shetani ya kuwaamrisha watu walibadilishe umbile la Mwenyezi Mungu. Ni kweli pia kwamba Ibn Masud (r.a.) amepokea laana juu ya wanawake wanaochonga mianya baina ya meno yao. Lakini hadithi hiyo imetaja sababu, nayo ni kutaka uzuri. Sisi kwa pupa yetu tuliishika laana tukaiacha sababu. Tena tulimsahau sahaba Arfaja bin Asad, ambaye pua yake ilikatwa vitani siku ya Kulab, akatia pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru atie ya dhahabu, ilhali dhahabu imeharimishwa kwa wanaume. Na mwezi wa Julai 2007 wanazuoni wa Majmaa ya Kimataifa ya Fiq-hi ya Kiislamu walikutana Putrajaya, nchi ya Malaysia, wakapitisha kwamba yajuzu kutengeneza kwa upasuaji kasoro ya kuzaliwa, kama vile mdomo uliopasuka au pua iliyopinda mno, ikiwa yamletea mtu madhara ya mwili au ya nafsi. Ama upasuaji wa kufuata matamanio tu, haujuzu. Mtu asiyeweza kuuma chakula chake sisi twamhesabu katika sehemu ya kwanza. Wallahu aalam.

Amma khabari ya uso, hiyo ndiyo iliyomtia mama hofu zaidi kuliko hukumu yenyewe, na watu wengi hupotoshwa hapa, ama kwa kutishwa, ama kwa kuahidiwa uzuri wasioahidiwa na daktari. Sisi tulifuatana nao hospitali, na daktari alitueleza kwa fuvu la plastiki, kwa subira ambayo sisi hatukumwonea mama yule.

Shavu halipasuliwi. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, na kisu hupita ndani ya kinywa, hivyo kwa kawaida kovu halionekani usoni. Taya la chini hupasuliwa kwa unene wake, pande zote mbili, huko nyuma penye magego, kama ubao mmoja unaopasuliwa ukawa mbao mbili nyembamba, ili vipande viteleze huku vikiendelea kugusana na kupata kuunga. Njia hiyo aliibuni Hugo Obwegeser, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi Zurich, katika miaka ya 1950. Taya la juu nalo hutengwa juu ya mizizi ya meno, chini ya pua. Kisha kila kimoja hukazwa mahali pake papya kwa vibati na skrubu ndogo za titani, ambazo mara nyingi hubaki humo maisha. Wala wasomaji wasidhani kwamba matabibu wetu wa kale hawakuujua mlango huu. Abul Qasim az-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki yapata mwaka 1013, ameandika juu ya kuunga taya lililovunjika na kuyafunga kwa uzi wa dhahabu meno yaliyolegea.

Nyama hufuata mfupa, lakini haifuati sawasawa. Ya kidevu huenda karibu sawa na mfupa wake; mdomo wa juu husogea pungufu ya mfupa ulio nyuma yake. Taya la juu likija mbele, pale palipobonyea kando ya pua hujaa, mdomo wa juu hupata egemeo, tundu za pua huelekea kutanuka, na ncha ya pua huinuka kidogo. Taya la chini likirudishwa, kidevu hupungua urefu wa kutokeza, na nyama yaweza kujikusanya chini yake. Kwa mwenye kidevu kilichorudi nyuma, likiletwa mbele, shingo hujitenga na uso ikaonekana. Na taya la juu likipandishwa, ufizi uliokuwa ukionekana wote mtu akicheka hujificha. Binti yetu alisogezwa la juu milimita 4 mbele, na la chini milimita 5 nyuma. Jumla yake haizidi upana wa kidole cha mwisho cha mtoto, na uso mzima uligeuka.

Kabla ya upasuaji alivaa nyaya za meno zaidi ya mwaka. Katika muda huo sura ilizidi kuharibika, kwa sababu meno yalinyooshwa juu ya mataya ambayo bado hayajasogezwa. Wazazi walijue hilo mapema wasije wakakata tamaa. Wajue pia kwamba hungojwa mtoto amalize kukua, na wavulana huchelewa kuliko wasichana. Kwamba mgonjwa hula vyakula laini kwa wiki kadhaa. Na kwamba mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini hupita ndani ya taya lile linalopasuliwa, kwa hiyo mdomo na kidevu hufa ganzi, na kwa baadhi ya watu ganzi hiyo haiondoki yote.

Vijana wawili wa kiume, waliposikia kwamba Maalim amelegeza fatwa, walituletea picha katika simu, wakataka nao mataya ya pembe kama ya mcheza sinema. Tuliwawekea sahani ya karanga. Walipoimaliza tukawaambia shauri lao limekwisha.

Upasuaji ulifanywa mwaka jana, baada ya Idi ya Mfunguo Tatu. Siku ya tatu uso ulikuwa umeumuka kama unga wa maandazi, macho hayaonekani, na mama alilia sana. Hapo ndipo alipotuambia ambalo hakutuambia kwanza. Kidevu kile kilikuwa cha marehemu mama yake, na nyumbani hapana hata picha moja ya marehemu. "Nilikuwa nikimtazama huyu, Maalim, namwona mama." Hatukuwa na jawabu. Uvimbe mwingi uliondoka baada ya wiki chache, lakini daktari alikwisha kutuonya kwamba sura haitulii kabla ya miezi sita au mwaka.

Mwezi uliopita binti alikuja chuoni, mtandio umeshuka chini ya kidevu. Alisoma Suratul Falaq. Pembe ya kushoto ya mdomo wake bado ina ganzi, basi kabla ya kuanza aliugusa kwa kidole apate kujua kama meno yamefika. Yamefika. Mama alikuwa amesimama mlangoni, nasi tukamwuliza kama bado amwona marehemu. Akasema humwona akicheka tu, machoni.

Zaka ya mazao mwezi ujao, inshaallah.