Tumesoma, tumesikiliza: nani alimuuliza mjane?

Juma hili tuna vitabu vinne mkononi, na hatutavisifu vyote sawasawa.

Kilichotugombanisha ni Barua Ndefu Kama Hii, cha Mariama Bâ wa Senegali. Alikiandika kwa Kifaransa mwaka 1979, sisi tunacho kwa Kiswahili, nakala moja iliyotoka Kigoma kwa boti. Ramatoulaye ni mwalimu, mama ya watoto 12. Bwana wake Modou alioa rafiki ya binti yao, kisha akafa. Sasa mama huyo yuko ndani ya matanga, anamwandikia rafiki yake Aïssatou. Siku 40 zikishapita, anaingia Tamsir, kaka ya marehemu, anatangaza kwamba atamuoa. Haulizi. Anatangaza tu, tena mbele ya imamu. Ramatoulaye anamkatalia palepale.

Hapo msomaji wetu alibidi kunyamaza, maana kila mtu alitaka kusema. Wajane kati yetu wanamjua Tamsir. Hapa Uvira ana jina lingine tu. Mmoja alisema kitabu kimempa maneno aliyokosa siku ile shemeji zake walipokaa sebuleni kwake. Mwingine alijibu kwa ukali: Ramatoulaye ana mshahara! Mwenye kuuza ndagala, nyumba imejengwa kwenye parseli ya ukoo wa bwana, akikataa atalala wapi na watoto, na minervali nani atalipa? Kwa maoni yetu hapo ndipo kitabu kina upungufu. Kinaonyesha vizuri ujasiri wa kukataa, lakini hakisemi mengi juu ya mwanamke ambaye mwisho wa mwezi hakuna kinachoingia. Mwanzo wake pia ni mzito, habari zinarudi nyuma na mbele, ikatubidi kuandika majina kwenye karatasi. Hata hivyo, kisomeni. Na kama kikundi chenu kina wajane, msikikimbize.

Kwa sababu ya ugomvi huo, mama mmoja alileta Ruthu ya kusikiliza, kwenye kadi ya memori ya telefoni. Alitaka kutuonyesha kwamba hata Biblia inampa mjane jamaa ya bwana wake. Tulisikiliza sura zote 4 huku tukichagua maharagi, kisha tukarudia ya 3 na ya 4. Ruthu mwenyewe ndiye anayekwenda usiku kwenye kiwanja cha kupuria, na ndiye anayemwambia Boazi anachotaka. Yule jamaa wa karibu zaidi analitaka shamba. Akisikia kwamba shamba linakuja pamoja na mjane, anarudi nyuma. Tulicheka sana, maana tunawajua wengi wa namna hiyo. Sauti yenyewe? Msomaji anakimbia, na muziki unafunika maneno. Kwenye telefoni ndogo afadhali mkae karibu, wasiozidi 6.

La force des femmes cha Daktari Denis Mukwege, cha mwaka 2021, kiko kwa Kifaransa. Mmoja wetu anasoma huku anatafsiri. Kinatuhusu kwa karibu: alikuwa mganga mkuu wa hospitali ya Lemera, huku kwetu juu ya bonde la Ruzizi, iliyoshambuliwa Oktoba 1996, wagonjwa wakauawa vitandani. Ni kitabu kikubwa. Lakini tunasema wazi: kurasa zake nyingine zisisomwe kwa sauti mbele ya watoto, wala mbele ya mama aliyepitia mambo hayo kama hakuombwa ruhusa kwanza. Anzeni na habari za mama yake mzazi. Hizo ni tamu, na zinaeleza kwa nini mtoto wake aliwaheshimu wanawake.

Mahali Pasipo na Daktari cha David Werner bado kinafaa nyumbani, hasa picha zake. Muwe waangalifu tu na nakala za zamani: zinataja klorokini kwa malaria, na dawa hiyo imeachwa siku nyingi. Kwa kuhara, kumbukeni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, huku mnampeleka mgonjwa kituoni bila kukawia.

Barua sasa inakwenda kwa wamama wa Mulongwe, kwa majuma mawili. Tafadhali ifungeni kwenye plastiki, mvua imeanza. Ruthu ni bure: leteni kadi yenye nafasi siku ya likirimba.